Ripoti ya picha isiandikwe kabla mgonjwa hajatazamwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Jambo hili nimelibeba tangu msimu wa karanga wa mwaka jana, na nimeona nikiendelea kulizungumza na wenzangu wa hapa kituoni peke yao halitafika popote.

Mimi ni ofisa tabibu, huu ni mwaka wangu wa 24 kazini, na 11 kati ya hiyo nimeitumikia katika kituo cha afya cha kata moja wilayani Mpwapwa. Kituo chetu hakina eksirei wala utrasaundi. Mgonjwa akihitaji picha namwandikia karatasi ya kuombea kipimo, anadamka kuwahi basi la alfajiri, anapita Kongwa, anatokezea Mbande, anafika Dodoma mjini jua limeshapanda. Akibahatika anapimwa siku hiyohiyo. Asipobahatika analala kwa ndugu. Akirudi analeta bahasha, na ndani ya bahasha mna karatasi moja. Picha yenyewe mara nyingi siioni. Ninachokiona ni maneno ya mtu aliyeitazama, na kwa maneno hayo naamua mgonjwa apewe dawa gani, apewe rufaa, au arudi nyumbani akapumzike.

Mwezi wa sita mwaka jana alikuja mzee mmoja wa miaka 63, mkulima wa karanga na uwele, mtu ninayemfahamu tangu nihamie huku. Alikuwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, homa za jioni zinazokuja na kuondoka, na alikuwa amepungua kiasi kwamba mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Tumboni ana kovu refu, kutoka chini ya kifua hadi kwenye kitovu. Habari ya kovu lile kijiji kizima kinaijua: akiwa kijana alipanda mbuyu kuangua ubuyu, tawi likakatika, akaangukia ubavu wa kushoto. Bandama likapasuka. Alipasuliwa usiku uleule, bandama likatolewa, na ndiyo maana yuko hai.

Nilimwandikia utrasaundi ya tumbo. Siku ya tatu akarudi na bahasha.

Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nina desturi ya kumfasiria mgonjwa mstari kwa mstari huku nikimwonyesha kwa kidole. Ini, ukubwa wa kawaida. Kibofu cha nyongo, kawaida. Kongosho, kawaida. Figo zote mbili, kawaida. Mstari uliofuata nikausoma kimya, nikaurudia. Mzee akaniona nimesita. Akasema, "Sema tu, daktari, mimi ni mtu mzima." Nikamwambia karatasi inasema bandama lako lina ukubwa wa kawaida na halina kasoro. Akafungua vifungo viwili vya shati, akalitazama kovu lake, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Kwani huwa linaota tena?"

Ni kweli kitabibu kwamba bandama likipasuka, vijipande vyake vinaweza kushika mahali pengine tumboni na kukua. Nilimweleza hivyo, kwa sababu aliuliza na alistahili kujibiwa. Lakini ripoti haikusema vijipande. Ilisema bandama, mahali pake, ukubwa wake. Aliyeshika kifaa cha utrasaundi alikipitisha juu ya lile kovu, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kulipima tumbo lile, na bado karatasi ikasema hivyo.

Wasomaji wanaweza kuona hili ni kosa dogo, maana bandama halikuwa ndilo lililomleta. Kwangu halikuwa dogo, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu asiye na bandama, homa yake si ya kungoja. Kinga yake dhidi ya bakteria kadhaa, hasa wale wa nimonia, ni pungufu, na malaria humwelemea kuliko mtu mwingine. Tabibu mgeni atakayeisoma karatasi ile siku mzee akifikishwa amezidiwa na hawezi kuzungumza, atamhudumia kama mtu mwenye bandama.

Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilipogundua kwamba sentensi ya bandama si ya kweli, sentensi ya ini nayo niiweke wapi? Imetoka kwa mtu yuleyule, katika karatasi ileile, kwa mwandiko uleule wa mashine. Nilikuwa na mgonjwa mwenye maumivu upande wa ini, na karatasi inayoniambia ini ni zima, na sikuweza tena kuiamini. Shahidi akikamatwa amesema uongo katika jambo moja, baraza linamwuliza mengine yote upya. Mimi sikuwa na wa kumwuliza. Namba ya simu haikuwepo kwenye karatasi, na sahihi ilikuwa mkwaruzo.

Nikamrudisha. Mzee aliuza debe mbili za karanga ambazo hazijakauka vizuri ili apate nauli ya pili, na nilimwona mkewe akizipima. Safari hii nilimwelekeza mahali tofauti, na kwenye karatasi nikaandika kwa herufi kubwa kwamba bandama lilishatolewa na kwamba nashuku ini. Alikutwa na jipu kwenye ini upande wa kulia. Usaha ukavutwa kwa sindano, akapewa dawa, na kufikia Nanenane alikuwa shambani anasimamia vibarua.

Sisemi kwamba jipu lilikuwepo siku ya picha ya kwanza. Siku kadhaa zilikuwa zimepita kati ya kipimo na kipimo, na huenda mara ya kwanza kweli ini halikuonyesha kitu. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, Mhariri: sitajua kamwe, kwa sababu ripoti ya kwanza haina uzito wa kunijulisha lolote.

Nina kaunta buku ninayonakili ripoti za wagonjwa wangu, kazi niliyoianza zamani kwa sababu karatasi hupotea, hulowa, na nyingine huchanwa na watoto. Jioni ile niliifungua nikaanza kurudi nyuma. Nikakuta ripoti tatu zilizotoka mahali pamoja, moja ya mtoto wa miaka 9, moja ya mama wa watoto watano, na hii ya mzee. Katika zote tatu sentensi ya ini ni ileile neno kwa neno. Na katika zote tatu neno moja la Kiingereza limerukwa herufi ileile, mahali palepale. Mtu anayeandika mwenyewe hukosea leo hivi na kesho vingine. Kosa linalojirudia bila kubadilika limehifadhiwa ndani ya mashine na linatolewa kila siku.

Sikutaka kuhukumu bila kuelewa, kwa hiyo Jumamosi moja nilikwenda kumwona mdogo wangu wa kikazi, mtaalamu wa mionzi tuliyewahi kufanya kazi wilaya moja, ambaye sasa yuko kwenye hospitali nyingine kabisa. Akaniketisha pembeni yake akanionyesha. Wao huita templeti; kwa Kiswahili cha vitabuni ni kiolezo. Anaandika herufi tatu, anabonyeza, na aya nzima ya tumbo lisilo na ugonjwa inajitokeza kwenye kioo: ini, nyongo, kongosho, bandama, figo, kibofu cha mkojo, vyote kawaida. Kisha kazi ya msomaji wa picha ni kufuta pale palipo na tofauti na kuandika alichokiona. Akisahau kufuta, mashine inakuwa imesema kwa niaba yake.

Nikamwuliza kwa nini wanakubali. Hakunificha. Alifungua mlango kidogo akanionyesha benchi la nje: wajawazito, mtoto aliyefungwa mkono kwa kanga, vijana wawili wa bodaboda, bibi mmoja kalala kwenye mkeka. "Kaka, nikianza kuandika kila tumbo upya toka mwanzo, nusu ya hawa watalala hapa." Nilimwelewa. Madaktari bingwa wa radiolojia ni wachache, picha nyingine hupigwa huku zikatumwa kwa mtandao kusomwa kwingine, na foleni haipungui. Sitaki barua hii isomwe kama ya mtu anayedai watu warudi kuandika kwa kalamu.

Tena templeti iliyotengenezwa vizuri imewahi kunisaidia kuliko nilivyotarajia. Miaka mitatu iliyopita binti mmoja mwenye mimba ya wiki 32 alinirudia na fomu ya utrasaundi kutoka hospitali moja ya mjini. Fomu ile ilikuwa na mistari mitupu. Mtoto ametanguliza nini. Mapigo ya moyo mangapi. Kipimo cha kichwa, cha tumbo, cha mfupa wa paja. Maji ya uzazi kiasi gani. Na mstari mmoja ambao sikuwahi kuuona kwenye ripoti za zamani: ukingo wa kondo la nyuma uko milimita ngapi kutoka mlango wa kizazi. Ukingo ukiwa chini ya milimita 20 kondo huhesabiwa kuwa limekaa chini, na tunajua tunashughulika na nini. Kwa binti yule hapakuwa na milimita za kupima. Kondo lilikuwa limeufunika mlango wenyewe, na aliyempima aliandika hivyo kwa mkono. Binti hakuwa ametoka damu hata tone. Alikuwa ananisalimia vizuri, anacheka, anataka kurudi akapalilie mtama. Bila mstari ule ningemruhusu. Badala yake tulikaa na mumewe na mama mkwe, tukakubaliana, akapelekwa kusubiri kwenye chigonela, yaani nyumba ya wajawazito wanaongoja kujifungua, karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto wa kike, sasa anakimbia.

Kwa hiyo nimeona templeti za aina mbili. Ile ya binti ilimwuliza aliyempima swali, na mahali pa jibu pakaachwa patupu hadi ajaze. Ile ya mzee ilikuwa imeshajibu kabla mzee hajavua shati.

Binti yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma alinitafutia habari za jambo hili, nikaona wenzetu wamelihangaikia zamani. Mwaka 1922 daktari mmoja wa Marekani, Preston Hickey, alishaandika akitaka ripoti za eksirei ziwe na mpangilio mmoja na maneno yanayoeleweka kwa namna moja. Hiyo ni zaidi ya miaka 100. Baadaye, mwaka 1993, Chuo cha Radiolojia cha Marekani kikatoa mfumo wa ripoti za picha za matiti unaoitwa BI-RADS, ambao leo humlazimisha msomaji amalizie kwa namba kuanzia 0 hadi 6. Namba 1 ni hakuna kitu. Namba 4 ni shaka inayotosha kufikiria kukata kinyama cha kupima. Namba 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Lakini iliyonigusa ni 0. Maana yake picha hizi hazijatosha, ongezeni nyingine au leteni za zamani tulinganishe. Waliotengeneza mfumo ule waliona ni lazima pawepo mahali rasmi pa kusema "bado sijui", na mtu akapaandika bila aibu.

Kwenye templeti za tumbo tunazoletewa huku mahali hapo hapapo. Chukulia kongosho. Yeyote aliyewahi kusimama pembeni ya mashine ya utrasaundi anajua kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula na utumbo, na gesi ikijaa halionekani, hata mgonjwa awe hajala tangu jana. Ni jambo la kila siku na si kosa la mtu. Lakini kwenye kaunta buku yangu, kurasa hadi kurasa, kongosho limeonekana na ni kawaida, kwa mnene na mwembamba, kwa aliyefunga na aliyetoka kunywa uji. Neno "halikuonekana" lingenifaa zaidi kuliko hilo la kawaida. Lingeniambia nisilale.

Nina mfano mwingine wa kifua nitakaoupitia haraka. Dada mmoja mwenye kikohozi cha muda mrefu alirudi na ripoti ya eksirei ambayo mistari ya juu inasema kuna maji nje ya pafu la kulia, na mistari ya chini inasema hakuna maji pande zote mbili. Hitimisho halikuyagusa maji kabisa. Mstari wa juu ulikuwa wa mtu, wa chini wa mashine, na mtu hakuufuta. Nilimgonga kifua kwa vidole kama walimu wetu walivyotufundisha, kulia kukatoa sauti ya debe lililojaa. Nikamwandikia rufaa ya kwenda kutolewa maji yapimwe kifua kikuu.

Nami nina sehemu yangu, na nisingekuwa mkweli nikiiruka. Karatasi ya kwanza niliyompa mzee ilikuwa na maneno matatu: "maumivu ya tumbo". Sikuandika habari ya bandama, kwa sababu mimi naijua na nilidhani kovu litajieleza. Sikuandika homa. Sikuandika kwamba nashuku upande wa kulia. Mtu wa picha alipokea tumbo lisilo na historia, katikati ya foleni niliyokuja kuiona kwa macho yangu. Hilo halihalalishi kuandika kiungo ambacho hakipo, lakini linaeleza kwa nini hakukuwa na kitu cha kumshtua. Sisi tunaoomba vipimo tumezoea kuandika kwa haraka kama tunaodaiwa wino.

Ninachoomba kwa wakuu wa vitengo vya radiolojia, kwa waganga wakuu wa wilaya na mikoa, na kwa vijana wanaotengeneza programu za kompyuta za hospitali ni kitu ambacho sidhani kina gharama kubwa. Templeti zibaki, lakini zianze zikiwa tupu. Kila kiungo kiwe na mahali pa kuchagua au kuandika, na miongoni mwa machaguo yawepo "hakikuonekana" na "kilishatolewa". Programu ikatae kuifunga ripoti kama kuna kiungo ambacho hakuna aliyekigusa. Na hitimisho lisitoke kwenye mashine hata kidogo. Liandikwe na mtu, likijibu swali la aliyeomba kipimo. Nikiuliza kuhusu ini, hitimisho linizungumzie ini. Pia pawepo jina linalosomeka la aliyesoma picha, na namba ya simu ya kitengo, ili tabibu wa kijijini mwenye shaka aweze kupiga kabla hajamfanya mgonjwa auze karanga mbichi.

Ningependa vilevile chini ya karatasi pawe na sentensi mbili za Kiswahili kwa ajili ya mgonjwa. Mzee yule angeweza kuisoma ripoti yake palepale dirishani. Alisoma hadi darasa la saba na husoma gazeti hili likimfikia, hata likiwa la wiki iliyopita. Angeiona sentensi ya bandama, na angerudi ndani ya dakika ile kumwambia aliyempima kwamba hapana, hilo lilitolewa. Mwenye mwili ni msomaji wa mwisho wa ripoti na tumemwacha nje kwa sababu ya lugha.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Nimechora kwa rula fomu ya kuombea picha, ya nusu ukurasa, nikaitoa nakala stesheneri ya Mpwapwa mjini. Inauliza: unaumwa wapi, tangu lini, umewahi kupasuliwa, nini kilitolewa, una picha za zamani, na tabibu anashuku nini. Mistari yote iko wazi. Wauguzi wawili wa hapa wameshaizoea, na wiki iliyopita mmoja wao alinirudishia fomu niliyoiharakisha, akasema, "Daktari, hapa pa upasuaji hujajaza." Nilikaa nikajaza.

Nakala moja nimeiambatisha na barua hii. Kama kuna mkuu wa kitengo cha picha, Dodoma au Singida, anayetaka tukae tuilinganishe na templeti yake ili zizungumze lugha moja, anipate kupitia kwako. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi huwa nipo mjini, na kaunta buku nitakuja nayo. Majina ya wagonjwa nimeyafunika kwa karatasi.

Wako katika kazi,
Ofisa Tabibu, Wilaya ya Mpwapwa, Dodoma
(Jina langu na la kituo nimekupa, Mhariri, ila naomba yasichapishwe. Kijiji chetu ni kidogo, na mzee yule hajaniruhusu ajulikane.)